Jua na magadi vyatosha kuchora saketi nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Je, msomaji, umewahi kuifungua redio iliyonyamaza ukachungulia tumboni mwake? Pengine ulikuwa ukitafuta waya uliokatika. Badala yake ukakutana na kibao chembamba cha kijani, kimejaa vistari vinavyopinda na kukwepana kama vijia vinavyoteremka kutoka maboma ya Nyamira hadi chemchemi iliyo bondeni. Vistari hivyo ndivyo waya zenyewe. Ni shaba iliyobandikwa juu ya kibao cha faibaglasi, kisha ikaondolewa mahali pote isipohitajika. Kitu hicho huitwa ubao wa saketi, na hakuna simu, runinga wala mita ya kisasa ya stima isiyokuwa nao.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba mbao hizi huja tu kutoka ng'ambo zikiwa tayari ndani ya makasha. La hasha! Kijana wa kidato cha tatu aliye Suneka, Keroka au Nyansiongo anaweza kujitengenezea ubao wake nyumbani kwa vifaa vichache, jua la saa sita na magadi. Ila kuna jambo moja ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla ya kutoa ruhusa, nalo lahusu maji ya kunywa. Tutalifikia.

Kwanza tuulize: kwa nini mtu ajisumbue? Waulize wanafunzi wanaotayarisha miradi ya mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule, yale ambayo wazazi waliosoma zamani waliyajua kama Science Congress. Mradi hufanya kazi barabara ukiwa mezani nyumbani. Halafu matatu inaruka tuta moja njiani, waya mmoja unachomoka, na mbele ya waamuzi taa inakataa kuwaka. Mwanafunzi husimama pale akitokwa na jasho huku akishikashika nyaya zilizosukana kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Katika ubao wa saketi hakuna cha kuchomoka. Kila kifaa kina tundu lake, na njia za umeme zimeganda mahali pake.

Wanaosomea umeme na elektroniki katika vyuo kama Kisii National Polytechnic, ile iliyojulikana zamani kama Gusii Institute of Technology, wana walimu na karakana za kuwasaidia. Makala haya ni ya yule asiye na karakana.

Mwangaza kama kalamu

Siri ya kazi hii ni utando unaohisi mwangaza. Unaupaka juu ya shaba, unauwekea picha ya saketi, unaupeleka juani. Utando uliopigwa na jua hubadilika, ule uliokingwa na wino wa picha haubadiliki. Dawa huondoa sehemu moja na kuiacha nyingine. Baada ya hapo ubao hutiwa ndani ya kemikali inayokula shaba, nayo hula ile iliyo wazi tu. Shaba iliyofunikwa husalimika, na hizo ndizo njia zako za umeme.

Ukienda Tabaka, kule Mugirango Kusini, utaona kitu kinachokaribiana sana na hiki. Mchongaji wa mawe laini hulipaka bakuli rangi nyeusi au nyekundu, kisha huikwaruza rangi hiyo kwa ncha kali mpaka weupe wa jiwe utokeze kwa umbo la ndege au twiga. Funika kote, halafu ondoa pale unapotaka. Tofauti ni kwamba katika ubao wa saketi mkwaruzaji ni jua, na jua halitetemeki mkono.

Fikra yenyewe ina umri. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Nicéphore Niépce alipaka bamba la madini aina fulani ya lami na kuliweka juani. Lami iliyopata mwangaza ikawa ngumu, iliyokingwa ikabaki laini na kuoshwa kwa mafuta. Hivyo ndivyo alivyopata picha za mwanzo kabisa zilizochorwa na jua. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Austria aliyehamia London mnamo 1936, alitengeneza redio ambayo waya zake zilikuwa shaba iliyochapwa juu ya ubao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani likaitumia mbinu hiyo katika fyuzi za mizinga, na vita vilipokwisha ikaenea viwandani kote.

Huna haja ya kwenda mbali kuiona mbinu hii ikifanya kazi. Wachapishaji wa fulana, wale ambao simu zao hazitulii wakati wa kampeni za uchaguzi, hupaka kitambaa chembamba cha wavu dawa inayohisi mwangaza, wakaweka picha ya mgombea juu yake, wakaianika, kisha wakaiosha kwa maji. Ukipata mchapishaji mkarimu, keti naye nusu siku. Utajifunza mengi kuhusu muda wa kuanika kuliko yaliyomo humu. Jihadhari tu na dawa za zamani zilizochanganywa na daikromati, ile kemikali ya rangi ya chungwa. Inajulikana kusababisha saratani, na haifai kuingia nyumbani mwako.

Vifaa

Utando wenyewe huuzwa kwa namna tatu. Kuna mbao zilizopakwa tayari kiwandani, kuna dawa ya kupuliza kwa mkebe, na kuna utando mkavu wa rangi ya samawati unaouzwa ukiwa umeviringishwa. Kwa maoni yangu, familia inayoanza ichague huu wa tatu. Ni wa bei nafuu, na zaidi ya hapo husafishwa kwa magadi, ilhali zile mbao zilizopakwa tayari aghalabu huhitaji kostiki soda, kemikali inayoweza kumpofusha mtoto kwa tone moja. Utando huu na mbao za shaba hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki wa Nairobi. Mtu wako akisafiri, mwagize apite Luthuli Avenue.

Picha ya saketi huchorwa kwa kompyuta. Programu ya KiCad, iliyoanzishwa mnamo 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, hutolewa bure, na kompyuta ya kawaida ya saiba huimudu. Chapisha picha kwa printa ya leza kwenye karatasi angavu ya plastiki. Kumbuka kwamba utando mkavu huwa mgumu pale unapopigwa na jua. Kwa hiyo picha yako lazima iwe ya kinyume, kama zile negativu za kamera za zamani: njia za shaba ziwe angavu, na kwingine kote kuwe kweusi. Weusi huo uwe weusi kwelikweli. Ukiinua karatasi dirishani na kuona mwangaza ukipenya katika wino, chapisha mbili uzipandanishe.

Sugua ubao kwa msasa laini na sabuni hadi shaba ing'ae, uusuuze, na usiiguse tena kwa vidole, kwa maana mafuta ya ngozi huufanya utando uchubuke. Utando una plastiki nyembamba pande zote mbili. Bandua ya upande mmoja tu, kwa kutumia vipande viwili vya selotepu vinavyovutana, kisha ulaze utando juu ya shaba bila viputo vya hewa. Upitishe ubao kwenye ile mashine ya kufunika vitambulisho kwa plastiki, au uupige pasi yenye joto la wastani juu ya karatasi safi. Yote haya yafanyike ndani, pazia likiwa limefungwa, kwa taa hafifu ya manjano.

Jua la mlimani

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na haufiki hata digrii moja kusini mwa ikweta. Hewa ya huko juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na saa sita jua huwa karibu utosini. Kwa sababu hiyo miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho ambayo ndiyo hasa inayougeuza utando, hufika kwa wingi. Wenzetu wa Ulaya hununua masanduku ya taa maalumu kwa ajili ya kazi ambayo wewe utafanyiwa bure uani.

Lakini jua la Gusii lina hila zake, kama ajuavyo kila mama aliyewahi kukimbilia nguo kambani. Asubuhi huwa jeupe, alasiri mawingu yanajikusanya, na kabla hujatafuta mwavuli mvua ya mawe inapiga mabati. Usitegemee muda uliosoma kitabuni. Kata ukanda mdogo wa ubao wenye utando, ufunike kwa kadi nzito, halafu ufunue kidogo kidogo kila baada ya sekunde 10. Utakapousafisha utaona ni sehemu ipi iliyoshika vizuri, na huo ndio muda wako kwa jua la aina hiyo. Siku ya mawingu fanya jaribio upya.

Wakati wa kuanika ubao wenyewe, laza picha juu ya utando, upande wenye wino ukigusana nao ili mwangaza usipenye pembeni, na ndiyo maana picha hupinduliwa kama ya kwenye kioo kabla ya kuchapishwa. Weka kioo safi cha dirisha juu yake kibane vizuri. Utando uliopata jua hugeuka kutoka samawati hafifu kuwa wa rangi nzito ya zambarau, kwa hiyo utaiona saketi yako ikijitokeza mbele ya macho.

Na kama mvua imekataa kuisha? Dada mwenye saluni anaweza kukuokoa. Ile taa ndogo ya kukaushia rangi ya kucha hutoa miale ya aina hiyohiyo. Usiitazame moja kwa moja, na hapo pia anza na jaribio la ukanda.

Kutoka Ziwa Magadi

Sasa rudi ndani, bandua ile plastiki ya pili (wanaoanza wengi huisahau, wakabaki wakishangaa kwa nini dawa haifanyi kazi), kisha utayarishe dawa ya kusafishia. Kumbe dawa hiyo ni magadi. Kemikali iitwayo kaboneti ya sodiamu, ambayo viwanda vya elektroniki ulimwenguni hutumia kuoshea utando huu, ndiyo inayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, ambako kampuni ya kwanza ya kuyachimba iliundwa mnamo 1911. Mkenya anayeagiza paketi ya dawa hii kutoka ng'ambo ni sawa na mkulima wa Kebirigo anayeagiza majani chai kutoka London.

Hata hivyo, usichukue yale magadi ghafi ya sokoni yanayolainishia githeri. Yamechanganyika na chumvi na mchanga, na nguvu yake hubadilika kutoka bonge moja hadi jingine. Tafuta unga mweupe kwa wanaouza kemikali za kutengenezea sabuni. Kiasi ni gramu 10 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, yaani takriban vijiko viwili vidogo vya chai vilivyosawazishwa. Laza ubao ndani ya beseni la plastiki na upitishe brashi laini polepole. Utando uliokingwa huteleza na kuondoka, shaba ikabaki wazi, na ule uliogumu unasalia juu ya njia zako. Ukiona nao unachubuka, jua halikutosha au magadi yamezidi. Suuza, na uichunguze kila njia kwa kioo cha kukuzia. Iliyokatika huzibwa kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kinachofuata ndicho kinachohitaji mtu mzima. Kemikali inayokula shaba, na iliyozoeleka zaidi, ni kloridi ya feri, maji mazito ya rangi ya kahawia yanayotia doa kila kinachoguswa. Vaa glavu na miwani, na kazi ifanywe nje penye upepo. Jambo la muhimu kuliko yote: isitiwe kamwe kwenye sufuria! Sufuria zetu ni za alumini, nayo kemikali hii huishambulia alumini kwa ghadhabu, ikachemka na kurukaruka. Tumia chombo cha plastiki ambacho hakitarudi jikoni tena maishani mwake. Ikipashwa joto kidogo, kwa kuweka chombo hicho ndani ya beseni la maji ya moto, kwa kawaida humaliza kazi kwa dakika 10 hadi 20 huku ukitikisa taratibu.

Maji ya rangi ya kijani

Na sasa lile jambo la wazazi. Kemikali iliyokwisha kula shaba imebeba shaba hiyo, na lazima iende mahali. Tupige hesabu. Shaba ya kwenye ubao wa kawaida ina unene wa mikromita 35, ambao ni mwembamba kuliko unywele. Ubao wa sentimita 10 kwa 10 una gramu tatu hivi za shaba. Tuseme nusu yake imeondolewa: gramu moja na nusu. Ni kidogo kuliko punje chache za mahindi, sivyo? Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita. Gramu moja na nusu hiyo inatosha kuvifikisha kiwango hicho mitungi 37 ya lita 20. Tena mwanadamu ana nafuu. Samaki na wadudu wa majini huumizwa na kiasi kidogo zaidi ya hicho.

Katika nyanda za Gusii jambo hili si la nadharia. Nyumba ziko mgongoni mwa kilima, mashamba yamebanana, na chemchemi iko chini bondeni. Unachokimwaga nyuma ya jikoni huteremka. Mto Nyakomisaro hupita katikati ya mji wa Kisii ukiwa tayari umelemewa na taka. Gucha, ambao wengine huuita Kuja, hushuka kutoka vilima hivi ukapitia Migori hadi Ziwa Victoria, na njiani una watu wanaochota, wanaofua na wanaonywesha ng'ombe. Sheria ya mazingira ya 1999, iliyoanzisha NEMA, inakataza kuchafua maji, nayo haimbagui mwenye kiwanda na mwanafunzi mwenye beseni. Chooni pia si mahali pake.

Dawa ni magadi yaleyale. Kwanza, usiwe na haraka ya kutupa: lita moja ya kloridi ya feri hula mbao nyingi kabla ya kuchoka, kwa hivyo ihifadhi ndani ya chupa ya plastiki yenye maandishi makubwa, ifungiwe mbali na watoto, na kamwe isiwe chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Pili, unapochora saketi usiondoe shaba yote iliyo tupu. Acha uwanja mpana wa shaba katikati ya njia, utenganishe tu kwa mifereji myembamba. Kemikali itadumu muda mrefu, na taka itapungua.

Itakapochoka kabisa, nyunyizia unga wa magadi kidogo kidogo ndani ya ndoo kubwa ya plastiki. Itatoa povu jingi, kwa hiyo usiijaze ndoo. Endelea hadi povu likome na karatasi ya kupimia asidi, ambayo mwalimu wa kemia anayo, ionyeshe kwamba ukali umekwisha, kisha uache kuongeza. Shaba na chuma hugeuka tope zito linalotua chini. Liache usiku kucha, ulichuje kwa kitambaa kizito, likaushe, na ulikoroge na saruji liwe bonge gumu. Bonge hilo likae mbali na chemchemi na shamba la mboga. Ni kazi ya nusu siku. Asiyekuwa na nusu siku hiyo asianze kabisa, na mzazi ana haki ya kuliuliza swali hilo kabla ya kutoa pesa za utando.

Kwa ubao wa kwanza

Sitakudanganya kwamba ubao wa nyumbani unashinda wa kiwandani. Viwanda vya Shenzhen, China, huuza mbao tano ndogo kwa dola chache, zikiwa na matundu yaliyopakwa shaba ndani na ile rangi ya kijani ya kupendeza. Kinachouma ni gharama ya usafiri na majuma ya kungoja. Mtu anayetaka mbao 50 zinazofanana na aagize. Anayetaka mmoja kabla ya Ijumaa, au anayetaka kuelewa kitu hiki huumbwa vipi, ndiye anayehitaji jua lake.

Utando uliosalia juu ya njia huondolewa kwa msasa laini na subira. Matundu hutobolewa kwa keekee ndogo yenye ncha ya milimita 0.8 au 1, na vumbi la faibaglasi si la kuvutwa puani, basi lowesha ubao na ufunge pua. Paka njia zote lehemu nyembamba au vanishi, kwa sababu unyevu wa huko juu huifanya shaba iwe nyeusi upesi.

Usijaribu chochote kinachounganishwa na stima ya ukutani. Chagua kitu cha betri ya volti 9, chenye transista moja au mbili, ambacho nyumbani kitatumika. Kingora cha tangi la maji ya mvua kinafaa sana: nyaya mbili zinaning'inia karibu na mdomo wa tangi, maji yakizifikia kingora kinalia, na mtu anahamisha mfereji kabla maji hayajamwagika. Fanya njia ziwe pana, milimita moja au zaidi, usihangaike na unyoofu wa kiwandani. Na iwapo umekwisha kubandika utando na ghafla mbingu ikafunga, ufunge ubao ndani ya karatasi nyeusi, uuweke kabatini hadi kesho saa sita.